Kijana anayetaka treni huanza na tambara

MZAZI ambaye mtoto wake haachi kutazama katuni ya Thomas kwenye simu huenda hajui kwamba mchungaji aliyeandika hadithi zile, Wilbert Awdry wa Uingereza, aliwahi kujitolea kwenye treni ya kweli. Ilikuwa reli ya Talyllyn huko Wales, iliyojengwa katika miaka ya 1860 kubeba mawe bapa ya kuezekea nyumba. Mwenye reli alipofariki mwaka 1950, wapenzi wa treni waliikataa isife. Tangu 1951 inaendeshwa kwa nguvu ya watu wanaojitolea.

Leo Uingereza ina reli nyingi za namna hiyo, na shida yao si makaa ya mawe tu. Ni mvi. Wanaojua kuwasha boila taratibu, saa kadhaa kabla ya safari, wengi wao ni wazee. Ujuzi ule haukai kitabuni peke yake. Mtu huujifunza kwa kusimama karibu na anayejua.

Vijana wanahitajika, lakini hapo pana mvutano. Sheria ya mwaka 1920, iliyotungwa kuwatoa watoto viwandani na migodini, inawakataza walio katika umri wa shule ya lazima kufanya kazi za viwanda, na reli imo. Imetafsiriwa kwamba inamgusa hata anayejitolea bila malipo. Lord Faulkner wa Bunge la Mabwana aliwahi kupeleka muswada wa kuzitoa reli hizi kwenye katazo hilo. Sheria ile haikutungwa bure. Watoto waliumia kweli. Lakini mtoto wa miaka 14 anayefagia stesheni Jumamosi, mtu mzima akiwa pembeni yake, si yule aliyesukuma toroli la makaa mgodini.

Wenye haraka huishia njiani. Kijana huja akiwa na ndoto ya kuendesha, naye hupewa tambara. Desturi ya zamani ni hiyo: kwanza kusafisha, kisha kuchochea moto, mwisho kuendesha. Si uonevu. Anayefuta masizi kila wiki hulijua kila bomba la kichwa cha treni, na yeye ndiye wa kwanza kuona nati iliyolegea au ufa uliojificha chini ya grisi. Mtoto aliyezoea kila kitu kujibu kwa kubonyeza mara moja hapo atapata taabu kidogo, na taabu hiyo haina ubaya.

Mji wa Budapest, Hungaria, umekwenda mbali zaidi. Tangu 1948 upo mji wenye reli ya watoto yenye urefu wa zaidi ya kilomita 11. Wenye miaka 10 hadi 14 hukata tiketi, huongoza ishara na huipigia treni saluti inapoondoka, watu wazima wakiwasimamia. Kuendesha ni kwa wakubwa tu, na maendeleo ya darasani huangaliwa kabla mtoto hajapokelewa.

Mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo ana haki ya kuuliza: nani anamsimamia, wapi haruhusiwi kukanyaga, na nani atampigia simu akiumia? Akijibiwa vizuri, amwache aende. Na jioni, shati lenye grisi alifue mwenyewe.