Bustani ya Dada Yetu Leicester

Wasomaji wetu watatuwia radhi kwa kuwatoa Mombasa leo na kuwapeleka Leicester, mji ulioko katikati ya Uingereza. Mwishoni mwa Aprili tulimzuru dada yetu mdogo, aliyefiwa na mumewe na ambaye ameishi huko zaidi ya miaka 30. Hatukwenda kutembea. Wazee wa nyumba walitutuma tumrai arudi kwao, na maneno tulikwisha kuyapanga tukiwa angani.

Asubuhi ya kwanza, kabla hatujamaliza chai, alitutoa uani. Ua wenyewe hauzidi baraza mbili za Mji wa Kale. Chini ya mtufaha mkongwe palikuwa na maua ya buluu inayokaribia zambarau, kila bua limeinama upande mmoja mfano wa mwanafunzi aliyeinamia ubao wake. Wenyeji huyaita kengele za buluu.

“Haya tuliyapanda mimi na marehemu,” alisema. Kisha akapaza sauti: “Kaka, miguu!”

Tulikuwa tumekanyaga majani. Akatueleza kwamba jani likipondeka haliwezi tena kulilisha tunguu lililo chini, na tunguu lisilolishwa mwaka huu hudhoofika mwaka ujao. Ndiyo sababu hata maua yakisha kunyauka, majani hayakatwi mpaka yakauke yenyewe. Matunguu hayo, yanayofanana na vitunguu vidogo, hupandwa baina ya Septemba na Novemba, wakati ambapo sisi huku tunaingojea vuli. Huzikwa kiasi cha sentimita 10, ncha ikielekea juu, chini ya mti unaopukutisha majani, katika udongo wenye unyevu usiotuamisha maji. Baridi yote yamo ardhini. Hutoa maua Aprili na Mei, kabla mti haujavaa majani mapya na kuwazibia jua. Mmea wote una sumu, na wajukuu wamefunzwa kunawa mikono wakishaugusa.

Tulidhani ua la buluu ni ua la buluu tu. Kumbe liko pia la Kihispania, lililoletwa kupamba bustani, na hayo mawili huchanganya uzazi. La Kihispania husimama wima, majani yake ni mapana, harufu yake hafifu na chavua yake aghalabu ni ya buluu. La asili huinama, hunukia, na chavua yake ni nyeupe kama tui. Dada yetu huyakagua moja moja kwa miwani yake, na linalosimama wima hung’olewa pamoja na tunguu lake. Tuliona ni ukali kidogo, lakini hatukusema.

Siku ya tatu alitupeleka msitu wa Swithland, nje ya mji. Huko mialoni imesimama juu ya bahari ya buluu, na watu hupita kwa vijia tu, wakinong’ona. Karibu nusu ya kengele za buluu zote duniani zimo Uingereza. Sheria ya mwaka 1981 inakataza kung’oa mmea wa mwituni bila idhini ya mwenye ardhi, na tangu 1998 kuchimba matunguu haya mwituni ili kuyauza ni kosa. Ya bustanini hununuliwa kwa wanaoyakuza.

Tuliporudi tuliuliza kama tungeweza kuchukua machache yapandwe nyumbani kwa mama. Akacheka. “Bila baridi hayatoi ua, kaka. Mombasa yatatoa majani mwaka mmoja, kisha yaoze.”

Tukaona hapa ndipo pa kuingiza maneno yetu. Lakini alikuwa amekwisha kuinuka, akarudi na sinia la udongo. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za kijani, nyembamba kuliko nywele za mahindi. Ni mbegu alizookota chini ya mtufaha na kuzipanda mwaka uliotangulia, peke yake.

“Zitatoa maua lini?” tuliuliza.

“Kiasi cha miaka 5, ikiwa Mungu atajaalia.”

Tulilishika lile sinia kwa mikono miwili hadi alipotupokea. Kisha tukaomba chai nyingine.

Tulipofika Mombasa wazee walikuwa wamekaa barazani, na kabla ya kutuuliza hali ya safari wakauliza dada anarudi lini. Tulianza kuwaeleza habari za mbegu.