Tunduma: Majina ya Wenzetu Yaliyomo Simuni

Ukifika Tunduma usiiamini sana saa ya simu yako. Mji huu umegusana na Nakonde ya Zambia, nyumba kwa nyumba, na mawimbi ya simu hayaoni mpaka. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Unaweza kuwa umesimama dukani upande wa Tanzania, simu ikashika mnara wa ng'ambo, ikajirudisha nyuma saa nzima bila kukuuliza, na mara ukapokea ujumbe wa kukukaribisha Zambia wakati hujavuka hata mfereji. Wenyeji wamezoea. Katika nyumba ya wageni tulimofikia, chini ya saa ya ukutani pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito: "Saa ya hapa ni hii."

Wengine huchekeshwa na jambo hilo. Sisi lilitufikirisha. Kumbe simu tunayoinunua kwa fedha zetu na kuilipia bando kila wiki ina wengine inaowasikiliza kabla yetu, na inajua tulipo kabla hatujasema.

Tulitoka Mbeya asubuhi kwa Coaster, tukapita Mlowo na Vwawa, katikati ya mashamba ya kahawa ya Mbozi. Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, tulikiacha pembeni. Safari hii haikuwa yake. Mkoa wa Songwe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao makuu yake yakawa Vwawa, lakini ukitaka kuona fedha inavyozunguka utaambiwa uende Tunduma. Kuanzia Mpemba unaona malori yamejipanga, mengine yanatoka na shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, mengine yanarudi na mafuta na mizigo. Reli ya TAZARA nayo hupita hapa, ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa miaka ya 1970 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tangu mwaka 2019 pana kituo cha pamoja cha forodha, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa mahali pamoja ili msafiri asikaguliwe mara mbili.

Lakini uhai wa mji uko kwa akina mama. Wanauza mchele wa Kamsamba, mahindi, maharage, vitenge, mabeseni, sabuni. Wanahesabu kwa shilingi na kwa kwacha bila kushika kalamu. Karibu kila mmoja ana simu mbili: kitochi kilichofungwa kwa mpira, na simu janja yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake kuna laini ya Tanzania, na mara nyingi laini ya Zambia pia, maana mteja wa Nakonde hupiga kwa namba ya kwao. Lipa namba imeandikwa kwa rangi ukutani, kwenye mwavuli, hata kwenye ndoo ya dagaa.

Tulipowauliza akina mama hao kama wana wasiwasi juu ya siri zao zilizomo simuni, wa kwanza alitucheka. "Siri gani, dada zangu? Mimi nauza mchele." Jibu hilo tulilisikia mara nyingi, nalo lina haki yake. Mtu ambaye bei yake inajulikana na soko zima, na madeni yake yanajulikana na mtaa mzima, haoni amebakiza nini cha kuficha.

Hata hivyo, tulikaa nusu saa kwenye benchi la wakala mmoja wa fedha, tukaliona daftari lake. Limefunguliwa mezani, na kila aliyetoa au kuweka fedha ameandikwa jina, namba ya simu na kiasi, kisha sahihi. Anayefuata husoma ya aliyetangulia wakati anasubiri. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimtajia wakala namba yake ya siri kwa sauti, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa. Hakuna aliyeshtuka. Tulimnong'oneza aibadilishe jioni hiyo hiyo, naye akatushukuru, ingawa hatuna hakika kama aliibadilisha.

Habari ya namba ya siri ilizua ubishi mzuri tulipokaribishwa na kikundi cha akina mama wa kanisa moja la mtaa wa Sogea, wanaokutana kila wiki kununua hisa na kukopeshana. Je, mume aijue? Mmoja alisema wake anaijua, kwa sababu yeye husafiri hadi ndani ya Zambia kufuata mzigo, na akiugua njiani nani atawalipia watoto ada? Mwingine alisema wake haijui, na nyumba imetulia tangu hapo. Walicheka mpaka chai ikapoa. Sisi tunaona kwamba mke na mume wanaoelewana waamue wenyewe. Lakini namba hiyo isiandikwe nyuma ya simu, kama tulivyoiona kwa wawili kati yao.

Mzee mmoja wa kikundi, bibi mwenye wajukuu, alikumbusha habari ya kusajili laini kwa alama za vidole. Usajili huo ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA zilianza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Watu walijazana kwenye miavuli ya wasajili. Baadhi ya wasajili wasio waaminifu walimwambia mtu, "Bonyeza tena, mama, kidole hakijasoma," na kidole cha pili kikasajili laini ya mtu mwingine asiyejulikana. Bibi huyo alituonyesha njia ya kujikagua: unabonyeza *106#, unafuata maelekezo, unaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni ya simu waiondoe. Na zile jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii" hutumwa kwenda namba 15040, pamoja na namba ya tapeli. Palepale wanne kati yao walibonyeza. Mmoja alikuta laini ya ziada.

Yote hayo ni ya wizi wa kawaida. Lililotufanya tuandike makala hii ni jingine.

Mama mmoja wa kikundi hicho anauza mchele kwa jumla. Mwaka juzi mzigo wake ulicheleweshwa na mvua, mteja wa ng'ambo akachukua kwingine, na wiki hiyo hiyo mtoto akarudishwa shule. Kikundi kilikuwepo, lakini alikuwa na mkopo wao wa awali, na alikuwa mtunza hazina. Aliona aibu kusimama mbele ya wenzake kusema ameishiwa. Akaona tangazo simuni: mkopo kwa dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini, hakuna atakayejua. Alibonyeza kiungo, programu ikaingia. Ikauliza maswali kwa Kiingereza kidogo kidogo, kila swali likiwa na kitufe cha kukubali. Alikubali yote, kama tunavyofanya wengi wetu. Mojawapo lilikuwa ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu.

Aliomba shilingi 50,000. Zikaingia 35,000, maana ada ilikatwa kwanza, naye akatakiwa arudishe 50,000 baada ya siku saba. Siku ya saba hakuwa nazo. Siku ya nane asubuhi simu zilianza kulia, na si yake tu. Mama mkwe wake kule kijijini Ileje alipata ujumbe kwamba mkwewe ni mdaiwa sugu na kwamba yeye mwenyewe ametajwa kuwa mdhamini. Ujumbe huo ulimfikia mama mchungaji, mwalimu wa darasa la mtoto, wateja wawili wa Nakonde, na fundi cherehani aliyemshonea sare ya kwaya miaka mitatu nyuma. Fundi huyo hata jina lake la ukoo alikuwa halijui. Mama mkwe, ambaye hasomi vizuri, alipelekewa simu kwa jirani asomewe, na hivyo jirani naye akajua.

Alikuwa ametafuta siri, akalipia siri ile kwa ada kubwa, na ndiyo iliyotangazwa.

Tulimwuliza ni lipi lililomwumiza zaidi. Hakusema deni, deni alilimaliza kwa kuuza kitenge kimoja kimoja. Alisema, "Mama mkwe alidhani kweli nimemwandikisha. Aliogopa kutoka nje wiki nzima akidhani polisi watakuja."

Hapa, akina mama wenzetu, ndipo tunapoona lile jibu la "sina siri" halitoshi. Muuza mchele anaweza kweli kuwa hana la kuficha. Lakini simu yake ina majina mia mbili, na kila jina lilipewa kwa sababu fulani: huyu ili aniletee mzigo, huyu aniite mtoto akiugua shuleni, huyu niombe naye. Hakuna hata mmoja aliyetoa namba yake ili iwekwe rehani. Ukiweka rehani cherehani yako, ni yako. Namba ya mama mkwe si yako. Wakopeshaji wa aina hiyo wanalijua hilo vizuri. Kwao dhamana si mali yako, ni haya yako mbele ya watu unaowaheshimu, na mwanamke aliyeolewa anao wengi.

Wala si Tunduma peke yake. Nchini Kenya, Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa ulinzi wa taarifa iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wengine kuwatumia jumbe za vitisho. Mwaka huo huo Google ilizikataza programu za mikopo zilizomo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mteja. Ndiyo sababu nyingine sasa huletwa kwa kiungo cha ujumbe, zisipite dukani. Hapa kwetu, Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Mtu ambaye jina lake limetumiwa hivyo, hata kama hakukopa yeye, anaweza kulalamika kwa Tume hiyo. Mama mkwe wa Ileje angeweza. Tulipomwambia mkwewe, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama nauli ya kwenda huko hailingani na deni. Tukamwambia malalamiko yanaweza kutumwa kwa maandishi, na kwamba zile jumbe asizifute, kwa kuwa ndizo ushahidi.

Jambo moja linawachanganya wengi. Kuifuta programu simuni hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa. Kunazuia yajayo tu. Kwa hiyo la maana ni kabla ya kubonyeza: programu inayokopesha fedha haihitaji kumjua fundi wako wa cherehani. Ikimwomba, ikatalie, na ikigoma kufanya kazi bila hayo, umekwisha kuijua. Kwa zile zilizomo tayari, fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya ruhusa, utaona kila programu imepewa nini. Binti wa katibu, aliye kidato cha tatu, aliwafanyia kazi hiyo akina mama kumi na mmoja jioni ile. Alikuta programu ya tochi inayosoma majina. Tochi!

Baadhi yao sasa wameamua laini ya fedha ikae kwenye kitochi, na namba za wateja wakubwa ziandikwe kwenye daftari linalolala kabatini. Ni kurudi nyuma, wanasema vijana. Huenda. Daftari nalo lina panya.

Lakini mabadiliko yaliyotuvutia zaidi hayakuhusu simu. Baada ya yale yaliyompata mwenzao, kikundi kilikaa na kujiuliza kwa nini aliona ni rahisi kumwendea asiyemjua kuliko kuwaendea wao. Jibu lilikuwa chungu: mikopo yao huombwa kwa kusimama, mbele ya wote, na sababu hutajwa. Basi wakatenga mfuko mdogo wa dharura, hadi shilingi 50,000, bila riba, urudishwe ndani ya mwezi. Haombwi mtu kusimama. Unamwona mwenyekiti au mtunza hazina nyumbani kwake, na kitabuni huandikwa namba ya mwanachama, si jina.

Wiki tuliyokuwa Tunduma, mfuko huo ulikuwa umefunguliwa mara mbili. Hatukuambiwa kwa ajili ya nani, nasi hatukuuliza.