Masizi ya Dari

Msomaji, inua macho yako utazame dari ya chumba ulimo. Yamkini umelala chini yake usiku mwingi bila kuiuliza neno. Ikiwa ni nyeupe pepe, umebahatika. Lakini ikiwa nyumba yenu i karibu na ziwa letu, tangu Kisumu mjini hata Usenge na Mbita, hapana shaka utaona waa hapa na wingu jeusi pale. Mwenye nyumba huyatazama mawaa hayo kwa hasira na mpangaji huyatazama kwa hofu. Wanaoyatazama kwa subira ni wachache.

Mimi nililazimika kuyatazama kwa subira mwaka 2004, nilipokuwa nikifundisha sayansi, kwa ajili ya jirani yangu wa Nyalenda. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, naye alijipatia riziki kwa kutengeneza mishumaa. Alinunua nta ya parafini kwa kilo, akaiyeyusha katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, kisha akaimimina katika kalibu zenye utambi wa pamba katikati. Wanunuzi wake walikuwa wenye vioski, ambao hupata wateja wengi siku za mvua stima inapopotea, na waumini wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa Unyanza katika miaka ya 1960, ambalo mishumaa ina nafasi kubwa katika ibada yake.

Siku moja mwenye nyumba alikuja kudai kodi, akainua macho, akaona dari imekuwa nyeusi.

“Mama, hii ni kazi ya mishumaa yako,” alisema. “Utanilipa shilingi 6,000 za rangi, au utafute kwingine.”

Jioni ile mama yule alibisha mlangoni pangu. “Mwalimu,” aliniuliza, “nitahamia wapi na watoto hawa?”

Ili umwamini au umkatae mwenye nyumba, sharti kwanza ujue masizi ni nini. Katika majira ya Krismasi ya mwaka 1860 na kuingia 1861, mwanasayansi Michael Faraday aliwahutubia vijana wa London mara sita juu ya mshumaa mmoja tu. Mhunzi ndiye aliyekuwa baba yake, na shule aliisoma kidogo. Pengine ndiyo sababu alijua kuzungumza na watoto bila kuwatisha. Aliwaonyesha kwamba rangi ya manjano ya mwali hutokana na chembe ndogo za kaboni zinazong’aa kwa joto. Hewa ikitosha, chembe hizo huungua zote zikaisha. Hewa ikipungua, au mwali ukipoa kabla ya kumaliza kazi yake, chembe huponyoka zikiwa nzima, nazo ndizo masizi. Jaribu wewe mwenyewe: shika kisahani cheupe ndani ya mwali kwa nukta chache, nacho kitakuwa cheusi.

Basi katika kuyeyusha nta, kitu gani huungua? Hakuna. Nta ya parafini huyeyuka kwa joto la nyuzi 60 hivi, na maji ya sufuria ya nje hayapiti nyuzi 100. Jiko la makaa lililo chini, likiisha kukolea, halina moshi mweusi. (Lina hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuua watu katika chumba kilichofungwa, lakini mama yule aliliweka jiko mlangoni, na kwa hilo alikuwa mwerevu kuliko wengi.) Kwa hiyo kutengeneza mshumaa si lazima kuchafue dari. Kuuwasha ndiko kuwezako.

Tazama pia wavuvi wetu wa omena. Kwa miaka mingi walitoka usiku usio na mwezi wakiwa na karabai ndani ya mitumbwi, hata ukisimama ufukoni Dunga ungedhani kuna mji unaoelea juu ya maji. Leo wengi wamegeukia taa za betri na za jua. Karabai ilitumia mafuta ya taa yale yale yatumiwayo na koroboi, kile kikopo cha bati chenye utambi; lakini karabai huyageuza mafuta kuwa mvuke na kuuchanganya na hewa kabla haujawaka, hata mwanga wake ukawa mweupe na masizi yake haba. Koroboi huyaacha mafuta yapande kwenye utambi na kuwaka yatakavyo. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba katika kila gramu 100 za mafuta yanayounguzwa na taa za utambi za namna hiyo, gramu 7 hadi 9 hugeuka kaboni nyeusi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu waache kutumia mafuta ya taa majumbani, kwa maana kinachopanda darini hupita kwanza puani.

Kesho yake nilipanda juu ya meza ya jirani yangu na pamba nyeupe mkononi. Pembeni palikuwa na waa la kahawia lenye ukingo kama wa ramani. Hilo lilikuwa la mvua, na tundu la msumari katika bati lilionekana dhahiri. Palikuwa na vidoadoa ambavyo havikutoka kwa pamba, bali vilififia nilipovipaka dawa ya kung’arishia nguo. Hivyo vilikuwa ukungu, mtoto wa unyevu. Sehemu iliyobaki ilikuwa masizi, kwani yaliipaka pamba weusi na dawa haikuyafifisha.

Lakini masizi yale hayakuenea sawasawa. Katikati ya weusi palikuwa na mistari myeupe iliyonyooka, yenye nafasi sawa, kama mbavu. Ndiyo boriti. Chembe za masizi zilizo hewani husukumwa kutoka penye joto kuelekea penye ubaridi. Usiku bati hupoa upesi. Ubao wa dari ulio wazi kati ya boriti hupoa nao, ilhali ule ulioshikana na boriti hubaki na joto kidogo. Hivyo masizi hukaa zaidi kati ya boriti. Katika nchi za baridi, ambako nafasi hizo hujazwa sufi nene, mambo hugeuka na boriti ndizo zinazochorwa kwa weusi. Huko Marekani, Idara ya Kulinda Mazingira ilitoa mwaka 2001 taarifa juu ya mishumaa na ubani, na masizi yanayochafua nyumba yalikuwa miongoni mwa mambo iliyoyaeleza.

Chumba cha mbele, kiwanda chenyewe, kilikuwa na weusi hafifu, isipokuwa juu ya dirisha. Hapo ndipo mama alipowashia mshumaa mmoja wa kila mkupuo ili aujaribu, tena alasiri, upepo wa ziwa unapovuma na kuutikisa mwali. Chumba cha nyuma, ambamo nta haikupata kuingia, ndicho kilichokuwa cheusi kuliko vyote. Watoto walisomea humo kwa koroboi.

“Mbona hukuwapa mishumaa?” nilimwuliza.

“Mwalimu, mshumaa ni wa kuuza.”

Nilimwita mwenye nyumba, nikamwonyesha pamba, mistari na tundu la bati. Hakushawishika. Basi nikamwomba tuingie kwa mpangaji wa mlango wa tatu, ambaye hajapata kumimina mshumaa hata mmoja maishani mwake. Dari ilikuwa ile ile, na mbavu zile zile. Mzee aliitazama kitambo, akagonga ubao kwa fimbo yake, vumbi jeusi likamwangukia kofiani. Akacheka, jambo ambalo sikulitarajia. Alisema bati ataliziba yeye, na waa la dirishani mama atalipaka mwenyewe. Ya 6,000 hakuyataja tena.

Mama alinunua chokaa, akapaka vyumba vyote viwili, na tangu hapo akajaribia mishumaa yake uani, utambi ukiwa umekatwa mfupi. Nilipomtembelea baada ya mvua za masika, dari ya mbele ilikuwa nyeupe. Katika chumba cha nyuma mbavu za boriti zilikuwa zimeanza kuonekana tena, na chini yake mtoto wa pili alikuwa ameinamia daftari kando ya koroboi.