Minago: Barabara ya Ziwani na Mgongo wa Mpanda Baiskeli

Msafiri aondokaye Bujumbura kuelekea kusini huwa na Ziwa Tanganyika mkono wake wa kuume na milima mkono wa kushoto, na katikati ya viwili hivyo hapabaki nafasi kubwa. Huko Mugere, kilomita 12 hivi kutoka mjini, hulipita jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley, wazungu wawili waliolala hapo mwezi wa Novemba mwaka 1871. Kisha hufuata Kabezi, na baada yake Gitaza, ambako mwaka 2015 udongo wa mlimani uliporomoka ukaikata barabara. Mbele ya Magara milima hujitenga kidogo na maji, michikichi huanza kuonekana kwa wingi, na harufu ya samaki wakaukao juani humwarifu msafiri kuwa Minago imekaribia. Rumonge nayo haiko mbali tena. Tangu Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita zipatazo 75.

Minago huishi kwa vitu viwili, yaani ziwa na mchikichi. Usiku wavuvi hutoka na taa zao kuwafuata ndagala, wale ambao majirani wa Kigoma huwaita dagaa, na pamoja nao huja mukeke, samaki ambaye mgeni wa Burundi hupikiwa kabla ya kuulizwa anapenda nini. Mchana ni zamu ya mawese. Kiswahili huzungumzwa pwani hii bila haya wala taabu, kwa maana biashara ya ng'ambo ya ziwa, Ujiji upande mmoja na Uvira upande wa pili, ni ya zamani kuliko mipaka iliyochorwa baadaye.

Lakini ndagala hawatembei wenyewe kwenda sokoni, wala mawese hayapandi mlima yenyewe. Chombo kinachofanya kazi hiyo ni baiskeli, ambayo Warundi huiita ikinga. Mwezi wa Machi mwaka 2022 baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya jiji la Bujumbura, pamoja na pikipiki na bajaji; huku ziwani hali ni nyingine kabisa. Katika miaka ya karibuni petroli imekuwa adimu nchini, na mtu aliyeizoea pikipiki amejikuta akiitoa tena baiskeli iliyokuwa ikipata kutu nyuma ya nyumba. Mwalimu huipanda kwenda shuleni, askari huipanda kwenda zamu, na mchuuzi hufunga bidoni za mawese juu ya keria na kuanza safari kabla ya jua kuwa kali.

Sehemu ya barabara itokayo Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, iliingizwa katika mradi wa ujenzi wa pamoja na Tanzania ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinisha mwaka 2018. Hata hivyo mwenye shughuli hasa haishii kwenye lami. Yeye huiacha barabara kuu na kushika njia za udongo zipandazo milimani, upande wa Buyengero, penye mawe, makorongo na miteremko inayomtikisa mtu hadi meno yakagongana. Ndiyo maana baiskeli za mlimani, zenye matairi mapana na gia nyingi, zimependwa, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika hapa.

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Baiskeli ya mtumba ilipimiwa mtu mwingine. Pengine mwenyewe wa kwanza alikuwa jitu la futi sita na zaidi, lenye mikono mirefu, lililokuwa likijifurahisha siku ya Jumapili. Leo inapandwa na mtu wa kimo cha kadiri, kila siku ya Mungu, pamoja na mzigo. Baada ya miezi michache mtu huyo huamka asubuhi ameshika kiuno. Wengine watamwambia ni uzee, wengine figo, na wengine watamtafutia jirani wa kumshuku. Naye atanunua vidonge vya maumivu, atameza, atapanda tena baiskeli ile ile na kurudi na maumivu yale yale. Siku asiyoweza kupanda, nyumbani hakuna kipato. Na fedha ya vidonge ilitoka katika fungu la unga. Wachache sana hufikiri kuichunguza baiskeli yenyewe, ilhali ufundi unaohitajika ni spana moja na nusu saa ya subira.

Majeshi yaliyojua baiskeli yaliliona jambo hili mapema. Jeshi la Uswisi, lililokuwa na vikosi vya baiskeli tangu mwaka 1891 hadi 2003, lilitumia kwa miaka mingi baiskeli nzito ya mwaka 1905 iliyopita kilo 20. Fremu ilikuwa ya kipimo kimoja kwa askari wote, wafupi na warefu. Kilichotofautisha baiskeli ya mmoja na ya mwenzake kilikuwa kiti na usukani, na kila mtu alipaswa kuvirekebisha vimfae.

Cha kwanza kutazama ni kimo cha kiti. Mwenye baiskeli na aiegemeze ukutani, akae, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila kiuno kuinama upande, kiti kiko karibu na mahali pake. Na akanyagapo kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama ipasavyo, goti litabaki limekunjika kidogo. Apendaye hesabu anayo hesabu iliyoenezwa na Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa mashindano ya Tour de France miaka ya 1986, 1989 na 1990: kupima urefu wa mguu kwa ndani, kutoka msamba hadi sakafuni bila viatu, na kuzidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 atapata 70.6, na huo ndio umbali kutoka ekseli ya katikati ya pedeli hadi juu ya kiti. Ni mahali pa kuanzia tu, kwa kuwa miguu, pedeli na viatu hutofautiana.

Kiti kikizidi kimo, mpandaji hutafuta pedeli kwa kuchezesha nyonga kushoto na kulia, na misuli ya kiuno ndiyo inayolipa. Mwenzake akimfuata nyuma atauona mchezo huo mara moja. Kikiwa chini mno, magoti hupanda kifuani na mgongo hujikunja kama upinde. Wachuuzi wa mawese hukishusha makusudi ili miguu yote miwili iguse ardhi baiskeli yenye mzigo inaposimama, nao wana haki, kwani bidoni ikilala imemwagika. Lakini akiisha kuuza mzigo na kurudi mtupu, hakuna sababu ya kubaki amejikunja njia nzima.

Cha pili ni mlalo wa kiti, na pengine hiki ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Mwaka 1999 madaktari wa Israeli walichapisha katika jarida la Kiingereza la tiba ya michezo matokeo ya kuwachunguza wapanda baiskeli waliolalamikia kiuno. Pua ya kiti ilipoinamishwa mbele kwa nyuzi 10 hadi 15, zaidi ya asilimia 70 yao walipata nafuu. Mafundi wengi huona kuwa nyuzi hizo ni nyingi, kwa sababu mpandaji huteleza mbele na uzito wote kuangukia viganjani. Nao wana hoja. Basi na aanze kwa kukilaza kiti sawa kabisa, kisha ainamishe pua kidogo kidogo. La hakika ni kwamba pua isielekee juu. Katika baiskeli kuukuu zenye springi, springi za nyuma zikichoka kiti huzama nyuma na pua huinuka yenyewe, hata mwenye mali asitambue.

Kisha na avitazame viwili vilivyobaki kwa pamoja, yaani kiti kilivyosogea mbele au nyuma, na umbali wa usukani. Kwa la kwanza Minago haihitaji chombo cha duka. Chubwi ya mvuvi na uzi wake vinatosha. Pedeli zikiwa zimelala sawa, uzi ukishushwa kutoka mbele ya goti la mguu wa mbele upite karibu na ekseli ya pedeli. Baada ya hapo ndipo usukani hupimwa. Mikono ikinyooka kabisa kama miti na mgongo kuvutika, usukani uko mbali au chini mno. Katika baiskeli nyingi za zamani shingo ya usukani huweza kulegezwa na kuinuliwa, ila isipitishwe alama iliyochongwa juu yake. Ikikatika kwenye mteremko, habari ya kiuno itakuwa ndogo. Bomba la kiti nalo lina alama kama hiyo. Shingo ikiwa ndefu mno, fundi anaweza kuibadilisha kwa fupi. Kukivuta kiti mbele ili kuufikia usukani ni kutibu mkono kwa kuumiza goti.

Marekebisho haya yafanywe moja moja, nusu sentimita kwa siku, na mtu apande siku mbili tatu kabla ya kugusa jingine. Mwenye kubadili vyote jioni moja hatajua kilichomponya wala kilichomzidishia.

Si kila maumivu ya kiuno hutoka kwenye kiti. Mchuuzi asukumaye baiskeli yenye bidoni mlimani kwa saa nzima, ameinama, huumizwa na kusukuma, wala hakuna kiti kitakachomsaidia. Afadhali apunguze mzigo, na uzito aushushe chini, karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma. Nyumbani, kumkanda kwa maji ya moto humpa faraja, ila asilazwe kitandani wiki nzima, maana kiuno cha kawaida hupona upesi zaidi kwa kutembea taratibu. Na ikiwa maumivu yanashuka mguuni na mguu unapoteza nguvu, au kuna ganzi sehemu za siri, au mkojo umezuilika au unatoka bila kujijua, au kuna homa pamoja na maumivu, spana iwekwe chini na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wenye nyumba ambamo baiskeli moja hupandwa na watatu wamepata dawa yao. Baba akiisha kupata kimo chake, mama huchukua rangi ya kucha na kuchora mstari mwembamba kwenye bomba la kiti, na mwingine wa rangi tofauti kwa kijana aendaye shuleni. Asubuhi kila mmoja hukirudisha kiti kwenye mstari wake, hukaza nati na kushika njia.