Siku ya kwanza Muscat, binti yangu alinyamaza ghafla

Orodha niliiandika mwenyewe, nikiwa Tanga, miezi mitatu kabla ya safari. Ilikuwa na mahali saba pa kutembelea siku ya kwanza tu. Mume wangu aliisoma akacheka, akauliza kama tunakwenda na watoto au na jeshi. Sikumjibu. Ukishadunduliza fedha za mchezo miaka miwili, halafu usikie riali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu, kila saa ya kukaa hotelini unaiona kama hela inayomwagika.

Tulikuwa watano: sisi wawili, kijana wetu wa miaka 12, binti wa miaka minane na kitinda mimba wa minne. Ilikuwa mwezi wa sita, shule zimefungwa. Muscat mwezi huo joto hupita nyuzi 40. Hilo nililisoma kabla, nikajiambia sisi watu wa pwani, joto tunalijua.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulianzia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia lake moja limefunika ukumbi mkubwa wa sala, lina uzito wa tani 21, na kulifuma kulichukua miaka minne. Kitinda mimba hakushughulika na hayo. Alilala chali akaikodolea macho taa kubwa ya darini, yenye urefu wa mita 14, akauliza ni nani anaipangusa vumbi. Mpaka leo sina jibu.

Tulipotoka ilikuwa karibu saa sita. Mume wangu akasema, "Mama, turudi tupumzike, binti kachoka." Nikamwambia bado mahali sita. Tukachukua teksi hadi Mutrah.

Mutrah bahari iko mbele na milima ya mawe makavu nyuma, na juu ya mwamba ipo ngome ya Wareno, walewale waliojenga Fort Jesus ya Mombasa. Nikataka picha. Tukatembea kando ya bahari, jua la utosi, chupa yetu ya maji ikaisha hapo hapo penye picha. Ndipo tukaingia sokoni, kwenye vichochoro vilivyoezekwa vinavyonukia ubani. Na hili, mzazi mwenzangu, liandike mahali: mchana maduka mengi ya pale hufungwa hadi alasiri. Tulikuta milango inashushwa, mmoja baada ya mwingine.

Binti yangu ni msemaji. Nilipogundua kwamba hajasema neno kwa muda mrefu, niligeuka nikamwona ameegemea ukuta, uso umewiva, macho hayanitazami. Nilimshika mkono, akatapika miguuni pangu.

"Mwingize ndani, mwanangu. Mtoto kapigwa na jua huyo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kutarizi, funguo mkononi, anafunga duka lake. Kiswahili chake cha Unguja hakikuwa na kasoro. Aliwasha kiyoyozi, akalowesha kitambaa, akaniambia nimpanguse shingo na makwapa, na maji nimpe kidogo kidogo, asinywe kwa pupa. Nilifanya kila alichosema, mikono inatetemeka. Mume wangu alisimama na wale wengine wawili, kimya. Ningependelea anigombeze.

Ilipita kama nusu saa. Binti akafumbua macho vizuri akauliza kama kuna juisi ya embe. Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Mzee alizaliwa Unguja, akaondoka na wazazi wake akiwa mtoto, baada ya Mapinduzi ya 1964. Nyumbani kwao hawakuacha Kiswahili. Aliuliza kama urojo bado unauzwa Forodhani. Kijana wangu, ambaye shikamoo yake niliichomoa kwa jicho, akasema, "Babu, hii AC iko poa sana." Mzee akamtazama: "Imepoa, au inapoza?" Tukacheka wote, mpaka mgonjwa. Fedha alikataa. Nikanunua ubani nisiouhitaji, naye akaniongezea mwingine juu yake.

Usiku watoto walipolala, mume wangu alisema kwa sauti ya chini, "Nilikuambia ile saa sita."

"Najua," nikasema. Hatukuongeza neno.

Asubuhi binti aliamka mzima, akauliza leo tunakwenda wapi. Nilimpa simu yenye orodha achague mahali pamoja. Aliisoma yote, taratibu, akanirudishia. Alitaka bwawa la kuogelea la hoteli, ambalo sikuwa nimeliandika.