PESA YA MAYAI



Wiki hii kijana mmoja wa kanisa letu alinitumia ujumbe: "Pasta, mtu anahitaji kuwa na nini ndiyo biashara yake isimame?" Nikaanza kumwandikia: ujasiri, bidii, maono. Halafu nikafuta. Mimi nilikuwa na hayo yote, na biashara yangu ilikufa. Acha niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni.

Kabla sijaitwa mchungaji, niliuza mayai Githurai. Mama mmoja mfugaji aliniachia trei 20 kila Jumatatu, trei moja shilingi 250, nami namlipa Jumatatu inayofuata. Niliuza 300. Hesabu ilikuwa rahisi: zikiingia 6,000, basi 5,000 ni za mama na 1,000 ni yangu, ukitoa yaliyovunjika. Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani. Mdomo ninao, wateja ninao.

Jumapili moja tukawa na harambee ya mabati ya kanisa. Pesa ya mayai ilikuwa mfukoni. Nilipoona wenzangu wakisimama, nami nikasimama, nikatoa 5,000. Makofi! Nikaombewa. Nikaenda nyumbani nikijiambia Mungu atarudisha kabla ya kesho.

Kesho ikafika, mama akafika na trei zake. Nilimwona kwa mbali, nikazima simu, nikajificha nyuma ya kibanda cha jirani. Alingoja karibu saa nzima, kisha akabeba mayai yake akarudi. Baadaye nilisikia kwamba pesa ile ndiyo aliyokuwa ameipangia chakula cha kuku. Kuku hawajui harambee. Wasipokula, hawatagi.

Wapendwa, mimi sikutoa sadaka siku ile. Nilitoa jasho la mama wa watu, nikapigiwa makofi mimi.

Fungua 2 Wafalme sura ya 4. Mjane anadaiwa, na mdai anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Ana chupa moja tu ya mafuta, na Mungu anayaongeza mpaka vyombo vinakwisha. Halafu Elisha anampa utaratibu: auze, alipe deni, ndipo aishi na wanawe kwa kilichobaki. Angalia mpangilio huo. Mafuta yaliongezeka kwa muujiza, lakini kuyauza na kulipa deni kulikuwa kazi ya mjane mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeanzia mwisho.

Ilinichukua wiki tatu kumwendea yule mama. Nilitarajia matusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tu: "Kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Nilimlipa 500 kila wiki kwa wiki kumi. Deni likaisha. Lakini hakuniachia mayai tena, na sikumlaumu.

Kwa hivyo kijana wangu, jibu langu ni hili. Biashara inamtaka mtu anayeweza kulala na pesa ya mwenzake chini ya mto na asubuhi iwe imetimia. Inamtaka mtu anayeweza kupiga simu kabla siku ya kulipa haijafika na kusema, "Mama, wiki hii sina yote." Ujasiri wa kusimama mbele ya wateja nilikuwa nao. Ujasiri wa kusema "sina" ndio ulionikosa, na huo ndio ungeniokoa.

Nunua daftari leo. Kila jioni andika zilizoingia, andika za wenyewe, andika zako. Pesa ya mali isikae mfuko mmoja na pesa ya unga. Jilipe kitu, hata kama ni 200 kwa siku, na usiguse zaidi. Na ukimtolea Mungu, toa katika kilicho chako. Kidogo chako kinamtosha.

Najua kuna mtu anasoma hapa, na kwa simu yake kuna namba ambayo ikiita haipokei. Usingoje Jumapili nikuombee. Mpigie leo, kisha tuombe pamoja.

Baba, tupe mikono safi kabla ya kutupa mikono iliyojaa. Tusaidie kusema ukweli mapema. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika Amina. Na kama una simu ya kupiga, piga kwanza.