Meno Kumi ya Baiskeli Yangu



Ndugu wapendwa, baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza, wengine kwa utani na wengine kwa nia njema, kwa nini Paroko wenu apandapo mlima kwenda vigangoni huzungusha miguu upesi upesi, ilhali baiskeli yenyewe yaenda kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Tena kijana mmoja wa parokia yetu anakusanya fedha anunue baiskeli ya milimani, naye amenijia kuomba ushauri juu ya gia. Nimeona niwajibu nyote pamoja, na katika kujibu itanilazimu kuungama kosa langu.

Ninyi mkaao hapa Usambara hamhitaji kusimuliwa habari za vilima. Barabara ya lami itokayo Mombo hadi Lushoto, takriban kilomita 33, ina mizunguko mingi lakini humpandisha mtu kwa huruma. Zisizo na huruma ni njia zetu za udongo mwekundu ziiachazo barabara hiyo kuelekea vijijini, hasa wakati wa masika.

Mwaka 2018, nikiwa sijatimiza miaka arobaini, nilinunua baiskeli ya mtumba. Mbele ilikuwa na gia tatu, zenye meno 42, 34 na 24. Nyuma zilikuwa saba, ndogo kabisa meno 14 na kubwa kabisa meno 28. Kifaa cha kuhamishia cheni kwenye ile gia ndogo ya mbele kilikuwa kimekwama. Fundi akaniambia, “Padre, nikurekebishie hiki, kwa milima yetu utakihitaji.” Nami nikamjibu, “Acha tu, mwanangu, bado nina nguvu.” Kwa kweli niliiona gia ile kuwa ya watoto na wazee.

Basi mwaka mzima nilipanda kwa gia ya meno 34 mbele na 28 nyuma, nikisimama juu ya pedeli, jasho likinitiririka, na mkoba wa vifaa vya Misa mgongoni. Watu walinisifu njiani. Goti la kulia likaanza kuuma, nami nikalinyamazia. Masika ya mwaka 2019 likavimba, na tabibu wa zahanati akaniagiza nipumzike majuma sita.

Majuma yale yale, mvua ilisomba daraja la magogo la kwenda kigango chetu cha mbali. Gari halikufika wala pikipiki hazikuvuka, ila mwenye miguu mizima aliweza kubeba baiskeli begani na kuvuka juu ya mawe. Katekista akaleta habari kwamba mzee mmoja wa kigango hicho yu hoi na anaomba Mpako wa Wagonjwa. Sikuweza kwenda. Mzee yule alifariki siku ya Alhamisi, na katekista akamzika kwa sala na heshima zote. Wala hakunilaumu hata kwa neno moja. Nililala nikiyahesabu meno: kati ya gia ya 34 niliyoing'ang'ania na ile ya 24 niliyoikataa, tofauti ni meno kumi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua meno ya mbele, ugawe kwa meno ya nyuma. Meno 34 kwa 28 ni 1.21, yaani pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu lazunguka mara moja na zaidi ya moja ya tano. Kwa gurudumu langu la inchi 26, hizo ni kama mita 2.5. Mtu akipanda kwa kilomita 5 kwa saa, atazungusha pedeli mara 33 tu kwa dakika, na kila mzunguko utakuwa mzigo juu ya goti. Goti lilipopona, fundi alinirekebishia kile kifaa, akanifungia na gia ya nyuma yenye meno 34. Sasa 24 kwa 34 ni 0.71, kama mita 1.5 kwa mzunguko. Kwa mwendo ule ule nazungusha mara 57, na kila mzunguko ni mwepesi. Mlima haukupungua hata shubiri moja. Uligawanywa tu vipande vidogo ambavyo goti la binadamu laweza kuvibeba.

Kiburi changu hakikuwa kigeni duniani. Henri Desgrange, Mfaransa aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, aliwahi kuandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita miaka 45. Ni mwaka 1937 tu ndipo vifaa vya kuhamisha cheni viliporuhusiwa kikamilifu katika mashindano yale. Leo hakuna bingwa apandaye milima bila vifaa hivyo.

Kwa hiyo, kijana wangu, uendapo dukani usiulize kwanza baiskeli ina gia ngapi. Hesabu meno ya gia ndogo kabisa ya mbele na ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Kwa njia zetu, jibu la kugawanya liwe chini ya 1, na ukibeba mzigo, likaribie 0.7 au pungufu. Baiskeli mpya zenye gia moja tu mbele, tuseme meno 32, na nyuma hadi meno 51, hutoa 0.63. Kwa kuwa magurudumu yake ni makubwa zaidi, zinakaribiana sana na yangu kuukuu. Basi uliza pia kama fundi wa hapa anavyo vipuri vyake. Badilisha gia kabla mlima haujakubana, na wakati wa kubadilisha legeza miguu kidogo, maana cheni ikihamishwa huku ikikazwa yaweza kukatika.

Katekista wetu bado anatumia Phoenix yake isiyo na gia ya kubadilisha. Akifika penye mwinuko mkali hushuka, husukuma baiskeli bila haya, na juu hupanda tena. Miaka yote ile niliyojionesha nguvu, hakukosa kufika hata Jumapili moja.

Jumapili ijayo nitakuwa kigango kile kile. Mkiniona njiani nazungusha miguu sana na kusogea kidogo, msinionee huruma. Nakusudia kufika. Na kaburi la mzee yule liko karibu na kanisa, nami hupita kusali pale kila niendapo.

Nawatakia Jumapili njema.

Paroko wenu